Hatutupi Wazee, Ila Tunamtupia Binti Mmoja

Najua nilikuwa kimya, majaribio yaliandamana na bumu likachelewa, mnajua wenyewe maisha ya chuo. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya usajili. Leo nina hasira, na nimeona niiandike kabla haijapoa.

Juzi kwenye semina ulizuka mjadala kuhusu familia. Jamaa mmoja akasimama, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba sisi Waafrika hatutupi wazee wetu kama Wazungu, wao ndio wenye nyumba za wazee. Darasa zima makofi. Mi sikupiga.

Kwanza hiyo ya nyumba za wazee si kweli. Nunge pale Kigamboni ni nini? Na Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Mwanza, Fungafunga pale Morogoro? Hayo ni makazi ya wazee, na waliomo hawakushuka na ndege kutoka Ulaya. Ni wazee wetu hawa hawa.

Lakini tuyaache hayo. Mi nauliza swali dogo tu: huyo mzee ambaye "hatujamtupa", nani anamwogesha? Nani anamgeuza usiku? Usinijibu "familia". Familia haina mikono. Mikono ni ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, tena yule ambaye hakuulizwa.

Nichukue mfano wa kwetu. Bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Kikao cha ukoo kikafanyika kwenye grupu la WhatsApp. Mjomba mkubwa ana kazi mjini. Mjomba mdogo ana duka. Mama mkubwa miguu inamsumbua. Wakazunguka weee, wakamwangukia binti wa mama mdogo, kidato cha pili, "maana si yuko hapo hapo nyumbani". Basi, kikao kikafungwa kwa sala. Binti akaanza kukosa siku moja moja, ikawa wiki, sasa ni muhula wa pili hajakanyaga darasani. Ana miaka 16. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na shuleni kwao kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Mtoro! Mtu anayeamka saa tisa usiku kumgeuza mgonjwa, ndo mtoro huyo?

Na tusidanganyane kwamba ni kazi ndogo ya "kukaa na bibi". Mgonjwa wa kitandani asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anatoka vidonda mgongoni, makalioni na visiginoni, na vikiachwa vinachimba mpaka kwenye mfupa. Aliyepata kiharusi anaweza kushindwa kumeza vizuri, ukimlisha amelala chali uji unaingia njia ya hewa, kesho ana nimonia. Dawa ya presha haiachwi eti kwa sababu leo kaamka vizuri. Na mzee akianza ghafla kuongea visivyoeleweka, hajarogwa. Yaweza kuwa maambukizi ya mkojo, au hajanywa maji ya kutosha, akimbizwe hospitali. Manesi wanasomea mambo haya miaka. Sisi tumemkabidhi mtoto, hata glavu hatukumnunulia.

Ujinga wa mambo ya uzee si wa kuchekea jamani. Kanda ya Ziwa kuna bibi zetu waliouawa kwa kuitwa wachawi kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikotupikia sisi miaka yote. Halafu tunasimama darasani kusema tunaheshimu wazee!

Najua kuna atakayesema: we kijana, wajomba wakiacha kazi warudi kijijini, hela ya dawa itatoka wapi? Hoja nzuri, siikatai. Hela inahitajika. Ila mbona kwenye harusi tunajua kupanga? Harusi ina mwenyekiti, katibu, mhazini, bajeti, na kadi ya mchango unaipata usipotaka. Msiba nao usiseme: maturubai, sare, mpiga video, ng'ombe. Hiyo nguvu huwa imejificha wapi bibi akiwa hai? Kamati ya harusi ya wiki moja ikiwezekana, kamati ya kumtunza bibi inashindikana nini? Kila mtu achangie kwa mwezi, aajiriwe mama mtu mzima wa pale kijijini kwa mshahara wa kueleweka, na likizo zipangwe zamu. Binti arudi shule.

Na zamu hizo ziwe na wanaume, wadau. Bibi zetu wanatutania wajukuu wa kiume, wanatuita "mume wangu", na sisi tunaitika kwa madaha. Mume gani hajui hata kumkalisha mkewe kitandani? Likizo iliyopita nilimgeuza bibi na kumlisha kwa wiki tatu. Mgongo uliniuma, lakini uanaume wangu uko pale pale, haukupungua hata kilo.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya "maadili yetu". Tangu mwaka 2003 tuna Sera ya Taifa ya Wazee, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60. Tunaambiwa wazee wasio na uwezo watatibiwa bure, ila kwenye zahanati ya kwetu bibi alipewa ushauri bure, dawa tukaambiwa tukanunue dukani. Zanzibar tangu Aprili 2016 walianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alilima mihogo maisha yake yote. Kumbe inawezekana! Huku Bara mkulima mzee bado pensheni yake ni watoto, na watoto pensheni yao ni yule binti.

Mwisho niwageukie walimu wenzangu watarajiwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi. Mlango upo. Lakini mtoto hawezi kurudi kama nyumbani hakuna wa kushika nafasi yake, na hatutajua hilo kama kazi yetu ni kuchora alama ya mtoro tu. Kabla hujaandika, uliza: nyumbani kwenu kuna mgonjwa? Kisha mwite mzazi, mwite mtendaji wa kijiji, kaa nao.

Wa kwetu nimeshawaandikia kwenye lile lile grupu la ukoo, na hesabu ya mchango wa kila mmoja nimeweka, wangu nikiutoa kwenye bumu. Mjomba mkubwa kasoma, hajajibu. Nasubiri, na muhula unakaribia kufunguliwa.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje, uwanja wa maoni uko hapo chini. Ila kabla hujaandika, nitajie kwanza: kwenu nani anamgeuza bibi usiku?