Tairi la akiba na hoja za wanaoliacha nyumbani

Siku hizi wenye magari ya kulala ndani wana mtindo wao. Coaster inang'olewa viti, inawekwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha mwenye gari anaanza kutafuta nafasi zaidi. Macho yanatua kwenye spea tairi. Linafunguliwa, linaegeshwa ukutani nyumbani Mbezi au Goba, na pale lilipokuwa unafungwa mtungi wa gesi. Wenye Land Cruiser za hema juu ya paa nao hawako nyuma. Hata wageni wanaoshuka kutoka Ulaya na kuingilia Horohoro, wapo wanaokuja na magari ambayo tangu kiwandani hayakupewa tairi la tano, bali chupa ya dawa na pampu ndogo ya umeme.

Gari likikamilika, linajaribiwa Bagamoyo, na likionekana zima linapelekwa Saadani. Ukimuuliza mwenyewe tairi la akiba liko wapi, hakosi hoja. Nyingine zina ukweli, na ukweli huo nitaukubali. Ila sijaisikia bado hoja inayofika Saadani.

Ya kwanza, na ndiyo wanayoipenda: mafundi pancha wamejaa barabarani. Ni kweli tupu, kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo mjini. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, popote penye kituo cha daladala hukosi kuona tairi kuukuu limesimamishwa kando ya lami, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe, na nyuma yake kijana mwenye kompresa na beseni la maji ya sabuni. Kama msumari umechoma katikati ya kashata, kijana huyo anamaliza kazi kabla hujamaliza dafu lako.

Lakini fundi anaziba tundu, hatengenezi tairi. Lililochanika ubavuni halizibiki kwa namna ya kulipakia familia. Lililotembezwa bila upepo hata umbali mfupi, huku dereva akitafuta kivuli cha kuegesha, husagika kwa ndani; ukilifungua kwenye ringi unamwagika unga mweusi wa mpira, na hapo fundi anakutazama tu. Tena mafundi wenyewe wana mwisho wao. Ukitoka Bagamoyo kwenda Msata, kilomita 64, nyumba zinaanza kuachana, na ukivuka bonde la Ruvu unaweza kwenda kitambo bila kuona kibanda. Ukikunja Makurunge kuelekea Saadani, hesabu za Tegeta zisahau kabisa.

Wengine husema bodaboda atalibeba tairi akalizibishe na kulirudisha. Kwa tairi la IST, sawa. La Coaster pamoja na ringi yake ni mzigo wa mtu mzima kuunyanyua, na muda wote linaposafiri kwenye pikipiki, gari lako limekaa juu ya jeki kwenye mchanga na jua linakwenda. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina simba, na katika hifadhi za TANAPA wageni hawaruhusiwi kuendesha usiku wala kushuka garini popote wapendapo. Pancha ya saa kumi na moja jioni huko si jambo la kumsubiri mtu.

"Basi nitanunua jingine njiani." Hoja hii inatoka kwa watu ambao hawajawahi kusoma maandishi ya ubavuni mwa matairi yao. Maduka ya mwambao huu yanauza kinachotembea mwambao huu: saizi za IST na Noah, 185/65 na 195/65 za inchi 15, na 7.50 ya inchi 16 kwa Land Cruiser za kazi. Gari la kulala ndani lililojengwa juu ya Fiat Ducato, ambayo ndiyo mama wa magari mengi ya aina hiyo Ulaya, kwa kawaida linavaa 225/75R16 yenye alama ya CP, tairi lililotengenezwa mahsusi kwa gari linalobeba mzigo wake mchana na usiku. Usitegemee kulikuta Bagamoyo. Usitegemee kulikuta Pangani.

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na watu hawa. Wanasema pia: gari lenyewe zito, mimi na mke wangu hatuwezi kulibadilisha tairi, sasa tulibebe la nini? Nguvu si tatizo katika nchi hii. Simama na gari bovu kando ya barabara yoyote ya Pwani uone. Bodaboda wawili watasimama bila kuitwa. Lori la mananasi linalotoka Kiwangwa litapunguza mwendo, na dereva wake atashuka na jeki ya tani kadhaa, spana ndefu na bomba la kuiongezea urefu, huku utingo akitafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Jeki ikizama mchangani, mtu ataleta kipande cha ubao kutoka asikojulikana. Watakupa na maji ya kunawa mikono. Kitu kimoja tu hakuna atakayekupa: tairi linaloingia kwenye gari lako. Noah ina nati tano, Land Cruiser nyingi nazo tano, na bado ringi ya moja haikai kwenye nyingine kwa sababu nafasi kati ya nati na nati si sawa. Coaster ina sita. Jeki utaazimwa, na nguvu utapewa bure. Tairi ndilo usiloweza kuazima, na ndilo walilochagua kuliacha.

Wapo wanaojibu kwamba watapiga simu Dar waletewe. Yaani tairi lililoachwa ili gari liwe jepesi linapanda gari la pili, linapita foleni ya Mwenge na Tegeta, na dereva wake analipwa mafuta na chakula. Niendelee?

Wenye Coaster wana hoja yao peke yao: nyuma kuna matairi manne, moja likipata pancha mwenzake atabeba. Malori hufanya hivyo kila siku, na ni kweli gari litasogea. Litasogea hadi kwenye kivuli, hadi kituo kinachofuata, si hadi Mkwaja kule Saadani. Tairi lililobaki linabeba mzigo wa mawili, ubavu wake unajikunja kupita kiasi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto. Matairi mengi yanayopasuka kwenye lami yanauawa na joto hilo, la upepo mdogo na mzigo mkubwa, wala si na msumari. Ukipoteza moja, mwenzake anafuata, na sasa unahitaji mawili. Tena hoja hiyo haisemi lolote kuhusu ya mbele, ambako kila upande una moja tu, nalo ndilo linaloshika usukani.

Dawa ya chupa nisiionee. Ni msaada mzuri wa mjini. Inaziba tundu dogo, kama milimita 6 hivi, lililo kwenye kashata, na inakupeleka polepole kwa fundi wa karibu. Haizibi ubavu uliochanwa na ncha ya kokoto, wala haijui la kufanya na tairi lililopita juu ya tawi la mgunga likatoka na miiba kadhaa. Na neno "karibu" lililoandikwa kwenye chupa ile liliandikwa na mtu mwenye fundi karibu.

Kisha kuna wanaosema lami inakuja. Inakuja kweli: barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 246, inajengwa kwa awamu, pamoja na daraja kubwa la Pangani. Nami nitaifurahia. Lakini barabara inayojengwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa matairi. Una michepuko ya kokoto mpya zenye makali, vipande vya nondo, waya wa kufungia nondo na misumari ya mbao za zege. Masika yakiingia, magari mazito yanachimba udongo mweusi na kuacha makorongo yanayokauka yakawa kama kingo za saruji. Na siku lami itakapokamilika, watu watatoka kwenye mwendo wa 40 waende kwenye 100, na joto nililolitaja litawasubiri huko.

Uzito na mafuta? Tairi la Coaster na ringi yake halifiki madumu matatu ya maji ya lita 20. Wamarekani wanaopima mambo haya wanasema kila kilo 45 unazoongeza hukugharimu mafuta kama asilimia moja. Anayeogopa asilimia moja aache jenereta.

Na kwamba trafiki hawaliulizii: trafiki wa Mapinga anaangalia leseni, bima, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, kisha anabaki Mapinga.

Imebaki hoja moja yenye meno, na huwa inatolewa na mafundi, si na wenye magari. Wanasema spea tairi nyingi ni mapambo: siku zikihitajika hazina upepo. Hilo silipingi. Chumvi ya bahari inakula kila kitu hapa. Tairi lililoning'inizwa chini ya chasisi linashikiliwa na mnyororo wenye kutu, na siku ya haja mnyororo haushuki hadi ukatwe kwa tindo. Zile nyembamba za muda zinazokuja na magari madogo ya Japani zinataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Wengi wamezijaza 30 na hawajazigusa tena. Kuna nati zenye kufuli ambazo ufunguo wake ulipotea kwa mmiliki wa kwanza. Na kuna umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5, na lisivuke 10, hata kama halijawahi kugusa barabara. Mpira unazeeka ukiwa umelala.

Yote hayo ni kweli, ila dawa ya tairi la akiba lililokufa ni kuliweka hai, si kulitupa. Lishushe kila unapobadilisha oili. Paka grisi mnyororo. Pima upepo wake siku ileile unayopima mengine. Jaribu jeki yako nyumbani, na uweke kipande cha ubao mnene wa kuikalishia.

Anayekwenda Kaole kutazama magofu, ale samaki Bagamoyo mjini na kurudi Dar jioni hiyohiyo, huyo namruhusu aache tairi lake na ategemee vijana wa kompresa. Wewe unayekunja Makurunge, rudisha tairi kwenye gari leo, kabla hujaanza kupakia chakula.