West Bay: Bahari huwafaa wazee, lakini wazee gani?

Ushahidi unazidi kukusanyika kwamba kuishi kando ya bahari humfaa mtu mzee, mwili na moyo. Lakini katika eneo la West Bay mjini Doha, ambako vijana wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanalinda milango, wanaendesha magari na kusafisha vyumba vya hoteli, suala si iwapo bahari ina faida. Suala ni nani anayeruhusiwa kuzeeka mbele yake.

West Bay ni ile safu ya majengo marefu ya vioo inayoonekana katika kila picha ya mji mkuu wa Qatar. Sehemu kubwa ya eneo hilo haikuwako miaka 60 iliyopita. Ilifukiwa baharini kwa mchanga uliochimbwa chini ya maji, na hoteli ya Sheraton yenye umbo la piramidi ikafunguliwa hapo mwaka 1982, ikiwa karibu peke yake.

Waarabu wanaliita eneo hilo Al Dafna, yaani palipofukiwa. Msomaji wa Kiswahili atalitambua humo neno letu dafina, kwa kuwa mzizi ni huo huo mmoja.

Kuanzia hapo, barabara ya Corniche inaizunguka ghuba kwa kilomita zipatazo saba, ikiwa na njia pana ya watembea kwa miguu, tambarare tangu mwanzo hadi mwisho. Jioni za miezi ya baridi, kati ya Novemba na Machi, njia hiyo hujaa watu waliotoka kupunga upepo.

Kupunga upepo kama dawa

Kwamba bahari ina tiba si wazo jipya. Katikati ya karne ya 18 daktari Mwingereza, Richard Russell, aliwaelekeza wagonjwa wake Brighton wakaoge maji ya bahari na hata kuyanywa. Mwaka 1791 ikaanzishwa hospitali ya Margate, kusini mashariki mwa England, kwa ajili ya maskini waliougua kifua kikuu.

Watafiti wa siku hizi hawamnyweshi mtu maji ya chumvi. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walizichambua takwimu za sensa ya mwaka 2001 ya England, wakakuta kwamba kadiri makazi yanavyoikaribia bahari ndivyo watu wengi zaidi wanavyosema wana afya njema. Na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika maeneo ya watu wa kipato cha chini.

Mwaka uliofuata watafiti wa chuo hicho hicho waliwafuatilia watu wale wale mwaka hadi mwaka. Walibaini kuwa mtu huripoti afya bora kidogo ya mwili na akili katika miaka anayoishi karibu na pwani kuliko ile anayoishi mbali nayo. Neno kidogo halipaswi kusahauliwa. Bahari haikutajwa popote kuwa ni mbadala wa hospitali.

Kuhusu wazee hasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Ireland, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulionyesha kwamba wale ambao bahari inaonekana kwa upana kutoka kwenye makazi yao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona. Huko Hong Kong, uchunguzi wa mwaka 2019 ulikuta kwamba wazee wanaoyaona maji kutoka nyumbani walijieleza kuwa na afya bora, na wale wanaoyatembelea mara kwa mara walikuwa na utulivu zaidi wa nafsi.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama si kwamba matajiri ndio wanaonunua nyumba zinazotazama bahari, na matajiri huwa na afya nzuri popote walipo. Watafiti hao walijaribu kukitenga kipato katika mahesabu yao, na bado tofauti ikabakia.

Wala hakuna muujiza katika chumvi. Mzee mwenye mahali tambarare pa kutembea, hutembea. Akitembea hukutana na wenzake, na akikutana nao hashindi ndani akihesabu maumivu ya magoti. Wazee wanaokwenda Forodhani, Unguja, au wanaokaa barazani mbele ya bahari ya Lamu wakati wa alasiri, hawakuhitaji kuambiwa hayo na Chuo Kikuu cha Exeter. Lugha yenyewe inayo ibara ya shughuli hiyo, na tumekwisha kuitumia hapo juu.

Kiangazi cha Ghuba

Hata hivyo bahari si moja. Upepo wa kusi na kaskazi unaoipoza pwani ya Afrika Mashariki hauna mwenzake katika Ghuba, ambako maji ni ya kina kifupi na hupata joto kali wakati wa kiangazi. Mvuke unaotoka humo huifanya hewa kuwa nzito, jasho likakataa kukauka, na mwili ukakosa njia yake ya kujipoza.

Mwaka 2015 wanasayansi wawili, Jeremy Pal na Elfatih Eltahir, walionya katika jarida la Nature Climate Change kwamba ikiwa gesi zinazochafua anga hazitapunguzwa, miji kadhaa ya Ghuba, Doha ikiwemo, inaweza kabla ya mwisho wa karne hii kushuhudia siku ambazo mchanganyiko wa joto na unyevu unavuka kiwango ambacho binadamu anaweza kukistahimili. Wa kwanza kuathirika katika hali kama hiyo ni wazee, ambao miili yao hupoza joto polepole na hata kiu huichelewa kuihisi.

Kwa hiyo faida ya West Bay ni ya msimu. Kuanzia Juni mzee anayejali maisha yake hutembea ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi, bahari akiitazama kupitia kioo.

Serikali ya Qatar, kwa upande wake, haijakaa kimya. Tangu mwaka 2012, Jumanne ya pili ya Februari ni siku ya mapumziko iliyotengwa kwa ajili ya michezo, na wakaazi huhimizwa kutoka nje. Bustani ya Al Bidda, iliyo mkabala na Corniche, ilifunguliwa upya mwaka 2018. Na hospitali ya Rumailah, isiyo mbali na ufuko huo, ina huduma maalumu kwa wazee. Kwa raia wa Qatar, kuzeeka kando ya maji ni jambo lililopangwa.

Uzee wenye bei

Lakini raia hao ni karibu mmoja tu kati ya kila watu kumi katika nchi yenye wakaazi wapatao milioni tatu. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi hawafikii hata asilimia tatu ya watu wote. Si kwamba watu wa Qatar hawazeeki. Wageni huondoka kabla ya uzee kuwakuta, kwa kuwa kibali cha kuishi kinafuata kazi, na kazi ikiisha kibali nacho huisha.

Kuna njia za kubaki, na kila moja ina bei yake. Sheria ya mwaka 2018 ya ukaazi wa kudumu inawataka waliozaliwa nje ya nchi wawe wameishi huko miaka 20, na idadi ya wanaoweza kukubaliwa kwa mwaka ni takriban 100. Utaratibu uliotangazwa mwaka 2020 unampa ukaazi mgeni anayenunua nyumba ya thamani isiyopungua dola 200,000 katika maeneo yaliyotajwa, mojawapo likiwa West Bay Lagoon.

Dola hizo ni kama riyali 730,000. Kima cha chini cha mshahara, kilichoanza kutumika Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho za chakula na malazi pale ambapo mwajiri havitoi. Mlinzi anayelipwa kiwango hicho angehitaji kuweka mshahara wake wote, bila kutoa hata riyali moja, kwa zaidi ya miaka 60. Angekuwa mzee kwelikweli.

Anachokipata badala yake ni kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamlazimisha mwajiri kumlipa mfanyakazi anayemaliza utumishi mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa mshahara wa riyali 1,000, miaka kumi inafanya riyali 7,000 hivi, ambazo hazitimii dola 2,000. Pensheni ya taifa haimhusu.

Qatar si ya kulaumiwa peke yake hapa, maana karibu nchi zote za Ghuba zinafuata mtindo huo: zinakodi miaka ya nguvu na kuurudisha uzee ulikotoka. Na nchi zinazopokea fedha zinazotumwa nyumbani kila mwezi zimeukubali mpango huo bila kuuliza sana gharama ya huo uzee ataibeba nani.

Ufilipino imeuliza. Sheria yake ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 ilifanya uchangiaji wa pensheni kuwa wa lazima kwa Wafilipino wanaofanya kazi ng'ambo. Wapo walioipinga wakisema ni mzigo juu ya mzigo, lakini angalau jambo hilo lilijadiliwa. Katika miji mikuu ya Afrika Mashariki, mazungumzo ya mikataba ya ajira na nchi za Ghuba mara nyingi huishia kwenye idadi ya nafasi, mishahara na ada za mawakala.

Mwili unaorudi

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni afya anayorudi nayo mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Cardiology, ukihusu vifo vya wafanyakazi wa Nepal nchini Qatar kati ya mwaka 2009 na 2017, uliona uhusiano kati ya vifo vya maradhi ya moyo na miezi ya joto kali. Mwaka 2021 Qatar ilirefusha marufuku ya kazi za nje wakati wa mchana, na sasa inaanza Juni mosi hadi Septemba 15, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Mfanyakazi anapokwenda Ghuba hupimwa damu na kifua ili kuhakikisha kwamba haendi na ugonjwa. Anaporudi, hapana anayemsubiri uwanja wa ndege kumpima figo wala shinikizo la damu. Madhara aliyoyabeba hujitokeza baadaye, akiwa Kisauni au Mbagala, na hapo huitwa ugonjwa wa utu uzima.

Bahari ya nyumbani

Wale wanaorudi pwani wanaikuta bahari, na yenye upepo bora kuliko ule walioucha. Wanaikuta pia na historia yake. Mjini Dar es Salaam, mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani waliijenga hospitali ya Wazungu ufukweni, palepale ilipo leo taasisi ya saratani ya Ocean Road, kwa imani kwamba upepo wa bahari huponya. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji, ndani zaidi ya mji. Baadaye chini ya Waingereza, Oysterbay nayo ikawa mtaa wa Wazungu.

Kwa maandishi, hali imebadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni mali ya umma. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini haki ya kufika kwenye mchanga haimsaidii sana bi mkubwa wa miaka 75 ikiwa njia ya kuufikia imezibwa na ukuta wa hoteli na inamlazimu azunguke kilomita mbili juani.

Fedha nazo ni kidogo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye, na mwaka 2018 Kenya ikaanza kutoa shilingi 2,000 zake kwa wazee wa umri huo. Aliyerudi kutoka Doha akiwa na miaka 50 ana miaka 20 ya kungoja.

Mahali pengine hatua zimechukuliwa. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na Mama Ngina mjini Mombasa ikatengenezwa upya mwaka 2019, ikapata njia za miguu na mahali pa kukaa. Maeneo yote mawili hutajwa zaidi katika hotuba za utalii kuliko katika mipango ya wizara za afya, ingawa gharama ya kivuli, viti vyenye egemeo, vyoo vilivyo wazi na njia isiyo na ngazi ni ndogo ukiilinganisha na ya kumtibu mtu aliyepooza. Kwa mzee mwenye kisukari, ambaye hawezi kukaa saa nzima bila kuhitaji choo, orodha hiyo ndiyo inayoamua kama alasiri atatoka au atabaki ndani.