Bunduki ya Marehemu na Kalamu ya Karani

Ndugu Wanachama,

Neno nililo nalo leo halitawapendeza wote, na mimi mwenyewe halinipendezi, maana nimo ndani yake. Walakini lisiposemwa katika kurasa zetu hizi litasemwa sokoni, na huko litatuaibisha zaidi. Neno lenyewe ni hili: sisi makarani tunawapunja wajane na yatima wa wenzetu katika kuuza bunduki za urithi, na tunafanya hivyo hali tumeitwa kuwasaidia.

Sisemi kwa kusikia. Miaka michache iliyopita alifariki mwenzetu mmoja aliyetumika kwa uaminifu mpaka akastaafu. Katika mali aliyoacha palikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, namba 12, aliyoirithi kwa baba yake pamoja na kasha lake la ngozi. Baba naye aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, mwenzetu mwingine akaja kwa mjane, akamwambia, "Mama, chuma hiki ni kikuukuu, nacho kitakuletea taabu na polisi. Nipe mimi nikuondolee mzigo." Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya mbuzi wawili. Nikaitwa niandike hati ya mauzo, nikaandika. Sikuuliza bunduki ile ni kazi ya fundi gani, wala sikuuliza kama polisi wana habari. Nilikunywa chai, nikaaga, nikaenda zangu.

Mwaka haujatimia, askari wakafika kwa mjane kuiulizia bunduki iliyoandikwa katika kibali cha marehemu. Mama yule hakuwa na kitu cha kuwaonyesha ila karatasi yenye mwandiko wangu. Alikwenda kituoni na kurudi mara nyingi, wakati mnunuzi alikuwa anatafuta mtu wa kumwuzia kwa bei iliyozidi ile mara kumi. Ndipo nilipotambua kwamba mlango wa dhuluma ile ulifunguliwa kwa kalamu yangu.

Sasa wanaotenda mambo haya wana hoja zao, nami nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema, "Bunduki kuukuu ni chuma tu." Asemaye hivi ama hajui kitu, ama anajua mno. Bunduki ya marisau ya Kiingereza imeandikwa habari zake mwilini mwake, kama jalada la ofisini lilivyoandikwa. Ukiitoa mitutu katika kitako na kuigeuza chini, utaona mihuri. Huko Uingereza ni sheria kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujauzwa. Mafundi wa London walipewa hati yao mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya kujaribia mwaka 1813. Muhuri wa taji na herufi zake hueleza mtutu ulijaribiwa wapi na kwa baruti gani. Herufi NP, zilizoanza kutumiwa mwaka 1904, maana yake ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Mtutu usio na muhuri wa namna hiyo aghalabu ulijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake, na mtu akiutilia risasi za siku hizi anacheza na macho yake na vidole vyake. Tangu mwaka 1925 hupigwa pia urefu wa mahali pa kuwekea risasi. Nyingi za zamani ni inchi mbili na nusu, na risasi ndefu zaidi hazizifai, hata kama zinaingia.

Ile namba 12 nayo si pambo. Maana yake ni kwamba risasi za mviringo 12 zenye upana wa tundu la mtutu zikipimwa hufanya ratili moja ya risasi. Kisha kuna jina la fundi na namba ya bunduki. Watengenezaji wakubwa, kama Purdey iliyoanza mwaka 1814 na Holland & Holland iliyoanza mwaka 1835, waliandika kila bunduki katika vitabu vyao. Mtu akiwapelekea namba, aweza kuambiwa ilitengenezwa mwaka gani. Karani gani miongoni mwetu hawezi kuandika barua ya mistari mitano kuuliza habari hiyo?

Sisemi kila bunduki ya zamani ni dhahabu. Katika minada ya Uingereza, bunduki ya kawaida ya Birmingham, ya mtambo ule uliobuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875, huenda isipate zaidi ya paundi mia chache, na kazi bora ya London yaweza kupata maelfu. Ziko pia bunduki za Ubelgiji zenye muhuri wa Liège, herufi ELG, ambazo baadhi yake zilichorwa majina yanayokaribia majina ya Waingereza ili kumhadaa mnunuzi. Kutu ndani ya mtutu, kitako kilichopasuka, na mtutu uliosuguliwa hata ukawa mwembamba hupunguza thamani. Kasha la asili huiongeza. Wengine, kwa nia njema, huipiga bunduki msasa ili ing'ae kabla ya kuiuza, na kwa mkono wao wenyewe huifuta thamani yake. Basi thamani hujulikana kwa kupima na kuchunguza. Atazamaye kwa jicho moja akisema "chuma," huyo anataka kununua.

Hoja ya pili husema, "Tunamwepusha mjane na usumbufu wa polisi." Loo! Usumbufu gani ulio mkubwa kuliko kuulizwa silaha usiyo nayo? Kibali cha bunduki hupewa mtu kwa jina lake. Afapo, bunduki huingia katika mali ya urithi, lakini ruhusa ya kuishika hairithiwi. Warithi hawana budi kutoa habari mapema na kuiweka bunduki mikononi mwa wenye mamlaka mpaka shauri limalizike. Mnunuzi naye hapewi ila ana kibali chake, na mauzo hayafanywi nyuma ya mgongo wa polisi. Amwambiaye mjane kwamba sheria ni adui yake, na huku ndiyo ngao yake, amemvua nguo akadai amemstiri.

Hoja ya tatu ina ukweli kidogo, nami nitaitendea haki. Husema, "Bei ya Ulaya si bei ya huku." Kweli. Kwetu wanunuzi wenye vibali ni wachache, na kupeleka silaha ng'ambo ni safari ya ruhusa juu ya ruhusa. Bunduki yaweza kuwa na sifa kubwa London na bei ndogo kwetu. Lakini neno hilo na lisemwe na fundi wa bunduki au mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, asiyeitaka yeye mwenyewe, na lisemwe kwa maandishi. Likitoka kinywani mwa mnunuzi ni maneno ya dalali.

Tena tukumbuke bunduki hiyo ni ya nani. Madeni ya marehemu hulipwa kwanza, kisha warithi hugawana. Kwa Waislamu mjane aliye na watoto wa marehemu hupata thumuni, na watoto wana mafungu yao. Mtu akiishusha bei ya bunduki amepunguza thumuni ya mama, na fungu la kila mtoto, hata yule anyonyaye. Msimamizi wa mirathi hupeleka orodha ya mali mahakamani. Bunduki iliyotoweka kabla ya orodha kuandikwa imeibwa, hata kama fedha kidogo zilitolewa.

Kwa hiyo naomba chama chetu kipitishe mambo manne. Kwanza, mwanachama aliyeitwa kwa mjane kusoma, kuandika au kukadiria, asiinunue mali hiyo, yeye wala ndugu yake. Pili, asiandike hati ya mauzo ya silaha kabla hajaona maandishi ya polisi. Tatu, bei itokane na makadirio ya watu wawili wanaojua kazi hiyo. Nne, hati itaje jina la fundi, namba na mihuri, isiandikwe "bunduki moja kuukuu" kama nilivyoandika mimi.

Wako watakaosema ninawavunjia heshima makarani. Heshima ya karani ni kwamba asiyejua kusoma aweza kumpa karatasi akalala usingizi. Mimi nilipewa karatasi, na mama yule hakulala. Nimekwenda kwake kumwomba radhi. Alinipokea, akanipikia chai kama siku ile, nami nilishindwa kuinywa.

Wasalaam,
Mimi mwanachama mwenzenu,
ALIYEANDIKA HATI