Bakteria wa Enyau hubadili namna ya kupumua

Ni kweli bakteria wa mtoni hupumua oksijeni, lakini wengi wao wakiikosa hawafi; hupumua kwa kitu kingine.

Chukua Enyau, mto unaoupatia mji wa Arua, Uganda, maji ya bomba. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo pekee unapunguza oksijeni majini: kwenye joto la nyuzi 25, lita moja hushika takriban miligramu 7. Akiba ndogo. Taka za soko na maji ya vyoo vikiingia, bakteria hushiba, huzaana na kuimaliza kabla mto haujavuta nyingine kutoka hewani. Hapo wengi huhamia kwenye naitreti; ikiisha, bakteria wa chuma, kisha wa salfeti, hushika zamu, na nishati inayopatikana hupungua kila hatua. Wa salfeti ndio hutoa ile harufu ya mayai viza kwenye tope la mfereji wa maji yaliyotuama. E. koli, yule wa kinyesi, ana vimeng'enya tofauti: kimoja cha oksijeni tele, kingine cha kunasa mabaki yake.

Wilayani Koboko nako, kisima kikitoa maji maangavu yanayogeuka mekundu ndani ya jerikeni, mara nyingi ni chuma kilichoyeyuka ardhini pasipo oksijeni, kisha kikakutana na hewa.

Wanaopima oksijeni ya mito ya Enyau na Kochi wasiende mchana tu. Mwani hutengeneza oksijeni juani, na usiku huacha. Kipimo cha alfajiri ndicho kinachoonyesha upungufu.