Je, Kidani cha Makome ni Ghali Mno?

Kitenzi "kutunga" umekwisha kukizoea: twatunga sentensi, twatunga shairi. Watu wa pwani hutunga pia ushanga na maua, yaani hupitisha uzi katika kimoja baada ya kingine. Kwa maana hiyo ya pili, twende hadi Niʻihau, kisiwa kidogo cha Hawaii katika Bahari ya Pasifiki, ambako hutungwa vidani vya makome. Vingine huuzwa kwa maelfu ya dola.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu bei hiyo, walicheka. "Mwalimu, si yanaokotwa bure?" Nikawakumbusha kwamba fedha kwa Kiganda ni ensimbi, na kwamba simbi ni makome ya baharini yaliyokuwa fedha halisi katika Buganda. Kicheko kikapungua.

Ni kweli, huokotwa bure. Lakini fuatana nami. Katika miezi ya baridi mawimbi makubwa huyatupa ufukweni, nazo familia hukaa au hulala kifudifudi mchangani zikiyachambua kwa vidole. Kome liitwalo kahelelani, kwa jina la mtawala wa kale wa kisiwa hicho, ukubwa wake hukaribia punje ya mtama tu. Liko laiki, neno ambalo kwa Kihawaii ni mchele. Ukiliona hutauliza sababu. Liko pia momi, yaani lulu. Yaliyopasuka hutupwa. Yanayosalia hupangwa kwa rangi na ukubwa, huondolewa mchanga, kisha hutobolewa moja moja kwa ncha kali, na mengi huvunjika mkononi papo hapo. Kidani kimoja chaweza kuhitaji mamia ya makome yanayowiana. Na rangi ikiwa adimu, kama waridi iliyokoza, mtungaji hana budi kungoja bahari imletee mengine.

Bei hiyo, kwa maoni yangu, ni ya macho, mgongo na subira. Anayeiita ulaghai hajawahi kutoboa hata kome moja.

Ulaghai wa kweli ni kuuza makome ya kwingineko kwa jina la Niʻihau. Ndiyo maana mwaka 2004 jimbo la Hawaii lilitunga sheria (tazama, kitenzi kile kile!) ya kudhibiti matumizi ya jina hilo katika vito vya makome. Wako wasemao kwamba jina la mahali ni la kila mtu. Sikubaliani nao. Jina hilo lilipata thamani kwa mikono ya watu wachache, wenye njia chache za kujipatia riziki kisiwani, na anayelitumia kwa uongo huwanyang'anya mlo.

Jambo jingine linanigusa nikiwa mwalimu wa lugha. Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule za Hawaii, na Kihawaii kikadidimia karibu kila mahali. Kikatambuliwa tena kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Niʻihau hakikukoma kamwe kusemwa nyumbani. Mtungaji akikosa soko akahama, wanawe watakulia penye Kiingereza.

Kabla ya kipindi chetu kijacho, mtafute jirani asukaye mkeka au atungaye ushanga. Mwulize, kwa Kiswahili sanifu, kazi moja humchukua siku ngapi. Liandike jibu lake kwanza, ndipo umwulize bei.