Uchu Hujaa, Uchu Hupwa



Msimu wa korosho ufikapo hapa Mchinga, harufu ya mabibo yaliyochacha humwamshia uchu hata aliyeacha pombe miaka mingi. Tusidhani toba yake ilikuwa ya uongo. Ubongo haujasahau ulichozoeshwa. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa walioathirika na heroini methadoni, dawa itulizayo uchu: mwili nao huhitaji kuponywa.

Uchu hujaa na kupwa kama bahari yetu, ila wenyewe mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa. Basi sisi tusemao "kikombe kimoja hakidhuru", tujiulize tunamsukuma ndugu yetu wapi. Heri tumwondoe kilabuni, tuketi naye, tusali, hadi maji yapwe.

Tuombeane.