Shujaa wetu amelala Kipini

Juzi jioni hapa Garsen, mpwa wangu alinionyesha kwenye simu sura mpya ya One-Punch Man, katuni ya Kijapani inayochorwa na Yusuke Murata tangu 2012. Shujaa wake, Saitama, humaliza adui kwa ngumi moja. Michoro ni mizuri mno, niliipitia mara mbili. Lakini nilibaki na kiu: shujaa asiyeumia, nimhofie kwa lipi?

Nikamsimulia kijana habari za shujaa wetu wa kale, Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake wazee hulionyesha Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Na jeraha lile akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai. Kijana aliiweka simu chini.

Muhamadi Kijumwa aliandika utenzi wa Liyongo 1913. Wachoraji wa Tana River, sasa mchoreni katuni yake; anzeni na pale kisimani. Wino wa kwanza nitaununua mimi.